Tairi za Misimu Minne

Mwamkulu,
26 Januari 2026

Ndugu Halfani, muuza tairi, Shanwe.

Sikupigii simu tena. Tangu ajali nimepiga mara sita, na mara tano umeiacha inaita mpaka inachoka yenyewe. Sasa naandika, na jibu lako nalitaka kwa maandishi, lenye tarehe na sahihi.

Mimi ni Mwalimu Monika Malale wa shule ya msingi hapa Mwamkulu. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2023 nilikuja dukani kwako na mume wangu Lyamba tukachukua tairi nne za gari letu, Spacio. Juu ya mlango wako kuna bango la rangi nyekundu: TAIRI ZA MISIMU MINNE ZIPO. Wewe mwenyewe ulilipiga tairi kwa kiganja ukasema, "Mwalimu, hii ni misimu minne, kiangazi na masika unapeta tu." Ubavuni mwa tairi nilisoma kwa macho yangu Four Seasons. Kiingereza nafundisha. Four ni nne, season ni msimu. Palikuwa pia na herufi M na S, nikaona hata kifupisho cha msimu wamekiweka.

Haya, hesabu na mimi. Msimu wa 2023 kuingia 2024, mmoja. Wa 2024 kuingia 2025, wa pili. Huu tulio nao ni wa tatu, na mpunga haujafika hata magotini. Jumamosi ya tarehe 17 mvua inanyesha, Lyamba anawarudisha wanakwaya kutoka harusini mjini, gari likateleza kwenye karavati karibu na kwetu na kulala ubavu mtaroni. Gaudensia wa sauti ya kwanza amevunjika mkono. Wengine wametoka na michubuko.

Sasa sikiliza kinachoniuma. Mume wangu ni katekista wa kigango chetu. Zamani alikunywa, sikufichi, watu wote wanajua, na ameacha huu mwaka wa tano. Siku ile alitoka garini amelowa na ananuka uchachu kwa sababu ndoo ya togwa ya Gaudensia, ile isiyolevya mtu, ilimmwagikia kichwani. Gaudensia amelisema hilo akiwa amefungwa plasta. Lakini mwenyekiti wa kigango, mzee Anselmo, ndiye aliyefika wa kwanza. Akanusa, akatikisa kichwa, na kule kutikisa kichwa kumetosha kwa watu wote. Wamemsimamisha kazi ya Mungu. Tarehe 15 Februari kamati inakaa kuamua kama avuliwe ukatekista kabisa. Yeye hajajitetea hata kwa neno moja. Amepanda basi kwenda kwa kaka yake Karema na amenyamaza hukohuko.

Kwa hiyo ama tairi zilikuwa mbovu, ama mume wangu alikuwa amelewa. La tatu silioni. Andika kwamba uliniuzia tairi za misimu minne na zimeshindwa kabla ya muda wake. Karatasi hiyo nitaisoma mbele ya kamati.

Mwalimu Monika Malale

*

Mwalimu salaam aleikum,

Ni mimi Halfani wa dukani Shanwe. Barua yako kaileta Callixte wa bajaji, kaitupa mezani mbele ya wateja utadhani samansi ya mahakama. Simu zako sikupokea kwa sababu ile ya kwanza niliipokea ukaniita mwizi kabla sijamaliza kusema haloo. Na mimi nina watoto na jina, Mwalimu.

Misimu minne siyo miaka minne. Wazungu wana misimu minne ndani ya mwaka mmoja. Kuna joto, kuna majani kupukutika, kuna baridi ya theluji, kuna maua kuchipua. Tairi lile limetengenezwa lisibadilishwe wakati wote huo, basi, ndiyo maana yake. Hiyo M ni mud, yaani tope, na hiyo S ni snow, theluji. Wapi umeona tairi lina mkataba wa mavuno?

Nina tairi za aina nyingi humu ndani, na hakuna hata moja iliyoandikwa itakaa miaka mingapi. Inategemea njia, mzigo, upepo uliojaza na mguu wa anayekanyaga breki. Unaniambia niandike tairi langu ndilo lililoangusha watu. Siandiki uongo kwa ajili ya mtu yeyote hata akiwa mwalimu. Gari likianguka kwanza aulizwe dereva.

*

Mwamkulu,
31 Januari 2026

Halfani,

Karatasi uliyonitumia haina tarehe na haina sahihi. Ningekuwa natania ningesema hata mwandiko haina: k zako hazitofautiani na h, umeandika dukani nikasoma duhani, nikadhani umehamia mtaa mwingine. Mtoto wa darasa la nne akiniletea kazi ya namna hiyo namrudishia. Nitaipelekaje mbele ya watu wazima?

Nije kwenye theluji yako. Mwamkulu theluji ilianguka lini? Nitajie mwaka. Wazungu wako wanaishi mtaa gani hapo Shanwe? Hapa kwetu msimu ni msimu. Unalima, unapalilia, unavuna, unauza, umekwisha mmoja. Ukimwambia mkulima wa mpunga kitu hiki ni cha msimu, hakuulizi majani yanapukutika lini. Wewe umezaliwa Mpanda. Una miaka ishirini unawauzia tairi watu wa tumbaku na wa mpunga, na ukitamka neno msimu unajua kabisa mteja anasikia nini. Ulijua, Halfani. Bango hukulipaka kwa ajili ya Wazungu.

Halafu umethubutu kuniandikia "aulizwe dereva". Maneno hayo mawili nimeyasoma nimesimama, nikashindwa kukaa. Ndiyo maneno ya mzee Anselmo hayohayo. Nyie wawili mmekutana wapi? Dereva yupi aulizwe? Lyamba anaendesha hiyo njia kila siku ya Mungu, ananipeleka shule, anapeleka wagonjwa mjini, anabeba mbolea. Kama tairi zingekuwa na dalili yoyote ya kuisha angeniambia, na hakuwahi kuniambia kitu.

Andika upya. Tarehe juu, sahihi chini. Zimebaki siku kumi na tano.

Mwalimu Monika Malale

*

Shanwe, Mpanda,
Jumatatu, tarehe 2 Februari 2026, saa nne na robo asubuhi, mawingu yametanda

Mwalimu Monika,

Tarehe hiyo hapo juu na saa nimekuongezea, usije ukanirudishia.

Nilikuwa nimeamua kulimeza hili kwa heshima ya mumeo. Lakini umeandika kwamba hakuwahi kukuambia kitu. Mwalimu, na mimi nimesimama sasa.

Lyamba alikuja hapa mwezi wa kumi na moja uliopita, mvua ndiyo zinaanza kunukia. Nikachukua sarafu nikaiingiza kwenye mifereji ya tairi za mbele. Ikabaki nje karibu yote. Za nyuma zilikuwa nafuu, za mbele vipara viwili. Nikamwambia, "Shehe wangu, hizi zimekwisha, usiingie nazo kwenye tope la kwenu." Akanijibu, nakuandikia kama alivyosema: "Mwalimu anasema ulituambia misimu minne, bado miwili. Nimemwambia mara mbili. Nikimwambia ya tatu atasema natafuta hela ya pombe."

Tukacheka, Mwalimu. Nakiri. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, mpaka nikakaa kwenye rimu. Halafu alipotaka kuondoka nikaona hapana, hili si la kucheka. Nikachana karatasi kwenye daftari la binti yangu Amira nikakuandikia wewe, nikampa akaiweka mfukoni. Kwa hiyo onyo ulipewa kwa mdomo na kwa maandishi. Usinipakazie.

Wako,
Halfani Rahim (hiyo ni sahihi)

*

Mwamkulu,
5 Februari 2026

Halfani,

Mlicheka.

Nimelirudia neno hilo tangu juzi. Unamsikia mwanamume anakwambia mke wake ameelewa vibaya jambo ulilomwambia wewe, jambo linaloweza kuua watu, na wewe unakaa kwenye rimu unacheka. Gaudensia hawezi kujifunga kanga mwenyewe. Cheka sasa.

Ndiyo, aliniambia. Nilikudanganya na sijazoea kudanganya, ndiyo maana umenikamata upesi. Aliniambia mara mbili. Mara ya pili mama yangu alikuwepo, na mbele ya mama nikamwambia Lyamba, "Mimi ndiye niliyesoma, four ni nne, wewe unatafuta nini?" Akatoka nje. Hilo ni langu na nitalibeba mwenyewe.

Lakini na la kwako ulibebe. Jana nilikwenda gereji ya mjini walikolivuta gari. Fundi akainama na tochi akanionyesha kitu ambacho wewe hukunionyesha: tarakimu nne kwenye kiduara ubavuni mwa tairi. Zimeandikwa 3418. Wiki ya thelathini na nne, mwaka 2018. Tairi zote nne ni hivyohivyo. Yaani siku uliyozipiga kwa kiganja ukaniambia nitapeta, zilikuwa na umri wa miaka mitano, zimeshatembea kwingine, zimeoshwa na kupakwa rangi nyeusi zing'ae. Fundi amesema mpira unakauka hata ukiwekwa stoo. Siku ile uliniambia pia kwamba ni kama mpya. Hilo "kama" ndilo ulilojificha nyuma yake.

Na karatasi yako sijaiona. Usiniletee hadithi za karatasi. Mimi nasoma hata gazeti lililofungiwa maandazi. Kama ungekuwa umeniandikia ningekuwa nimesoma.

Monika Malale

*

Shanwe,
8 Februari 2026

Mwalimu Monika,

Nimekaa na barua yako siku nzima. Mke wangu Mwanahija ameisoma, kisha akaniuliza, "3418 ni kweli?" Nikamwambia ni kweli. Tangu hapo chai najipikia mwenyewe.

Basi nakuandikia bila kona. Ulikuwa unajua neno ulilosikia, na mimi nilikuwa najua neno ulilosikia. Bango nilipolipaka mtu wa kwanza aliuliza, "Inakaa miaka minne?" nikamjibu, "Si unaona mwenyewe?" Hapo sikusema uongo na sikusema kweli. Nimeuza hivyo muda mrefu na hakuna aliyerudi na barua. Tairi zilikuwa za mtumba kutoka nje na mwaka wake niliuona kabla ya kukuuzia. Zilikuwa na meno mazuri, nikasema zitafaa. Kiganja ndicho nilichokuuzia.

Na kwa kuwa hukuwahi kuelezwa, nikueleze leo kama ningemweleza dada yangu. Njia yako ina lami huku mjini, katikati changarawe, na mwisho ule udongo mweusi wa kwenu ambao ukilowa unashika kiatu. Tairi la lami lenye mifereji iliyonyooka lingekukalia sana na halipigi kelele, lakini likiingia kwenye ule udongo linajaa tope, linakuwa laini kama kisigino cha mtoto. La matope lenye meno makubwa lingekuvusha popote, ila kwenye lami linavuma kutwa, linakula mafuta, na kwenye lami iliyolowa breki yake siipendi, kwa gari dogo la kwenda shule na sokoni ni mateso. La misimu yote liko katikati, na kwa mtu wa kila siku kama wewe ningekwambia lichukue hilohilo. Lakini mpira wake ni laini kwa ajili ya baridi za huko, na jua letu la Septemba linaula. Kwa hiyo lazima liwe jipya, usome tarakimu, na kila kabla ya masika uweke sarafu kwenye mfereji. Ndani ya mfereji kuna vinundu vidogo. Meno yakishuka mpaka kulingana na vinundu, limekwisha, hata kama lina mwaka mmoja. Haya yote yalikuwa ya dakika tano. Sikukupa hizo dakika.

Karatasi niliandika. Naapa, na Ramadhani iko mlangoni, siapi ovyo siku hizi. Muulize mumeo aliipeleka wapi.

Jumapili mkikaa nitakuja mwenyewe kusema. Sijui kama wanamruhusu mtu wa kanzu.

Halfani Rahim

*

Mwamkulu,
9 Februari 2026

Baba Dina,

Barua hii nampa kondakta wa basi la Karema. Simu yako haipatikani, sijui ni mtandao au ni wewe.

Nimekasirika na sitajifanya sijakasirika. Umeniacha na kamati, na Anselmo, na watu wanaokuja kunipa pole huku wanachungulia ndani. Umeniacha napigana na Halfani kama mbwa na paka, na kumbe wewe na yeye mna maneno yenu ambayo mimi nayasikia mwisho. Amesema alikupa karatasi uniletee. Iko wapi? Kwa nini hukunipa? Kama ungenipa tusingekuwa hapa.

Na swali jingine, ambalo sikukuuliza. Siku ile ulipoingia ndani umelowa, nilikuuliza, "Umekunywa nini?" Sikuuliza kama umekunywa. Sasa nauliza, nimechelewa wiki tatu: ulikunywa?

Dina anauliza utarudi lini. Nimemwambia akuandikie mwenyewe, akasema baba hajibu.

Mama Dina

*

Karema,
11 Februari 2026

Mama Dina,

Sikunywa. Siku hiyo wala siku yoyote tangu nilipokuahidi. Ilikuwa togwa, ilinichuruzika mpaka kwenye viatu.

Karatasi nilikuletea. Sikuweza kukupa mkononi, maana maneno uliyoniambia mbele ya mama yako yalinibaki moyoni. Ulikuwa umekaa barazani unasahihisha zile barua za darasa la tano, rundo lile la kuonya mtu juu ya hatari. Ulikwenda kuangalia maharage jikoni, nikaiingiza katikati ya rundo ili uikute mwenyewe na usinipandishie sauti. Nikaenda kufunga ng'ombe.

Wakati wa kula ulisema, "Kuna mtoto kaandika mambo ya tairi, hata jina hakuweka. Nimempa nne." Ukacheka, na Dina akacheka. Nilikuangalia usoni. Nikajua umeisoma, umejua inatoka wapi, na hilo ndilo jibu lako. Nikasema basi, nitaendesha polepole.

Kwa kamati ningekwenda kusema nini? Kwamba tairi zilikuwa vipara na nilijua? Wangeuliza mbona hukubadilisha. Ningejibu mke wangu alikataa, na Anselmo angelitembeza nyumba kwa nyumba mpaka Inyonga. Mimi mlevi wameshazoea kuniita. Wewe hawajawahi kukuita kitu.

Ila usinifanye mtakatifu. Nilijua, na bado niliwapakia watu mvua ikinyesha. Mkono wa Gaudensia ni wangu, si wa Halfani. Hilo ndilo linalonikalisha huku.

Mwambie Dina nitamjibu.

Lyamba

*

Mwamkulu,
16 Februari 2026

Baba Dina,

Barua yako ilifika Ijumaa jioni. Nimeisoma nikachukua taa nikaenda kwenye lile sanduku la chini ya meza, penye karatasi za watoto wasioandika majina. Kila mwaka naziweka, nasema mwenyewe atajitokeza. Zilikuwa kumi na tatu. Moja inaonya juu ya nyoka chooni, tatu zinaonya juu ya viboko wa mtoni, na ya tisa ni hii:

"Mama salaam. Tairi za mbele zimekwisha hazina meno tena. Mvua ikikolea gari litateleza. Usingoje misimu. Badilisha sasa."

Na chini yake, wino mwekundu, mkono wangu: "Mwandiko mbaya, k kama h. 'Usingoje misimu' haieleweki. Hakuna tarehe, hakuna sahihi. Nani anaandika? Nani anaandikiwa? 4/10. Rudia."

Nilikaa chini pale kwenye sakafu. Lyamba, wallahi sikujua. Mimi ni Mkristo na naapa hivyo kwa sababu ya kukaa na barua za Halfani. Kicheko kile hakikuwa jibu langu kwako. Nilikuwa nimesahihisha karatasi themanini na saba, na nilikuwa sisomi tena, nilikuwa natafuta makosa. Nimeandika kwa jeuri kwamba nasoma hata gazeti la maandazi. Karatasi pekee niliyoandikiwa mimi nimeipa nne.

Nimekasirika na wewe bado. Uliniona nacheka ukanyamaza, ukaingia barabarani na tairi zile. Ungenigombeza! Ungeitupa sahani! Miaka yote ya pombe ulikuwa unapiga kelele mpaka majirani wanaamka, ukaja kunyamaza siku uliyokuwa na haki. Hilo nitakusema ukirudi.

Jana tumekaa. Halfani alikuja kweli, kanzu nyeupe na kofia, akaketi nyuma karibu na kinanda. Anselmo akaanza na maneno yake ya kunusa. Nikasimama nikasoma karatasi, na nikasoma na alama. Watu wakataka kucheka, wakaniangalia, wakaacha. Nikaeleza juu ya misimu, na four ni nne, na nilichokwambia mbele ya mama. Anselmo akaniuliza, "Sasa Mwalimu, unataka tuandike nini kwenye kumbukumbu?" Nikamwambia, "Andikeni kwamba mume wangu alinionya na mimi nikamsahihisha."

Halfani akasimama akasema ya kwake yote. Hakujificha. Alitaja hata 3418 na kiganja. Halafu Gaudensia akainuka na plasta yake, na hasira niliyokuwa nayo mwezi mzima nikaiona ni ndogo. "Togwa ilikuwa yangu, na nilisema tangu siku ya kwanza," alisema. "Nilisema hospitali, nilisema kwaya, nilimwambia mwenyekiti mwenyewe. Hakuna aliyenisikia. Mpaka Halfani avae kanzu aje kanisani ndiyo nyie mnaandika?" Anselmo alichukua kalamu akaandika na hilo. Kwa mara ya kwanza hakutikisa kichwa.

Umerudishiwa ukatekista. Wametaka wewe na mimi tumwombe Gaudensia msamaha mbele ya watu Jumapili, mimi kwa kukataza, wewe kwa kuwapakia huku unajua. Nimekubali kwa niaba yangu. Ya kwako ujibu mwenyewe.

Bango la Halfani limefutwa. Sasa limeandikwa MISIMU NI HALI YA HEWA, SIYO MIAKA. SOMA TARAKIMU. Tarakimu aliiandika tarahimu, nikamrekebisha. Gari limenyooshwa na lina tairi mpya, za misimu yote hizohizo, maana hata nilipozilinganisha na za lami na za matope kwa hasira bado zilikuwa ndizo zinazofaa njia yetu. Nilipiga magoti dukani nikasoma mwenyewe: 3025. Nimeweka na sarafu kwenye kila mfereji, Halfani ananishikia mwavuli.

Rudi. Nakuandikia kwa tarehe na sahihi ili usije ukasema hukujua nani anaandika na nani anaandikiwa.

Mke wako,
Monika

*

Mama Dina

Nashuka na basi la Jumamosi. Kama mvua inanyesha usije na gari, nitapanda bajaji ya Callixte. Kama hainyeshi njoo, uje na Dina. Gaudensia nitamwomba msamaha nyumbani kwake kwanza, kabla ya mbele ya watu.

Sijaweka tarehe wala sahihi. Nipe nne yangu.